Hatukupanda Ndege Kugawa Juisi

Kuna tangazo la chuo limebandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mwenge hadi Ubungo. Lina picha ya msichana aliyevaa kofia ndogo iliyoinamia jicho moja, meno yote nje, na chini yake maandishi: Unapenda kusafiri? Una mvuto? Miezi mitatu tu uwe mhudumu wa ndege! Neno usalama halimo. Nimelisoma mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya magari, nikidhani labda limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Halimo.

Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Minne kwenye ndege za pangaboi zinazoruka hapa nchini, saba kwenye shirika moja la Ghuba. Huko Wakenya, Waganda na Watanzania tulikuwa wengi kiasi kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni, na mara kwa mara mzee wa Kiomani wa safu ya nne alikuwa akidakia mazungumzo yetu kwa Kiunguja safi. Kwa hiyo nikilalamika hapa, silalamiki kwa kusimuliwa. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kwamba nilisomeshwa mpaka kidato cha sita ili nikagawe juisi angani. "Mwanangu," aliniambia, "kazi hiyo hata dada wa kazi hapa nyumbani anaiweza, tena chai yake haina maji." Simlaumu. Alisoma tangazo lilelile.

Sasa nisikilizeni. Yule mnayemwita mhudumu amewekwa ndani ya ndege na sheria. Kanuni zinazofuatwa na mamlaka nyingi duniani zinataka angalau mmoja wao kwa kila viti hamsini. Kanuni hizo hazijali chai. Ndege inaweza kuruka bila chai, bila karanga, bila maji ya kunywa, na mashirika ya bei nafuu yameshatuonyesha kwamba hata maji yanaweza kuuzwa. Lakini mmoja wetu akiugua ghafla na idadi ikapungua chini ya ile ya lazima, ama abiria wapunguzwe ama ndege ibaki chini. Hakuna meneja wa masoko anayeweza kulipindisha hilo. Na mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hii, Ellen Church, aliyeruka kutoka Oakland kwenda Chicago tarehe 15 Mei 1930, alikuwa muuguzi mwenye cheti, na wenzake wa mwanzo walitakiwa wawe wauguzi. Sura na kofia zilikuja kutawala baadaye, walipogundua kwamba zinauza tiketi.

Niwaambie kinachofanyika kabla hujapanda, maana ukiingia unatukuta tumesimama mlangoni tunatabasamu, na unadhani kazi ndiyo inaanza.

Kabla ya safari tunakaa chumba kimoja na msimamizi wetu, naye anauliza maswali. Wewe wa mlango wa tatu kushoto: moshi unatoka kwenye kabati la mizigo juu ya safu ya 30, unafanya nini kwanza? Wewe: simu ya abiria imeangukia kwenye pengo la kiti, anataka kukisogeza kiti aitoe, unamwambiaje? (Unamwambia asiguse kitu. Kiti kikiikandamiza betri, inaweza kuwaka, na moto wa betri ukiuzima leo unarudi baada ya dakika chache usipoimwagia maji ipoe.) Wewe: mama ana mimba ya miezi minane, chupa imepasuka, tuko katikati ya bahari. Ukishindwa kujibu unaulizwa swali jingine. Ukishindwa na hilo, siku hiyo huruki, na kila mtu chumbani anajua kwa nini unakusanya mkoba wako.

Ndani ya ndege kila mtu ana eneo lake. Mtungi wa kuzimia moto upo mahali pake, mshale wa geji uko kwenye kijani, lakiri haijakatwa. Mtungi wa oksijeni. Kofia ya kujikinga na moshi. Tochi inawaka. Kipaza sauti cha mkononi kinalia. Jaketi langu la uokoaji lipo chini ya kiti changu. Kisha choo: nafungua pipa la taka, napapasa nyuma ya karatasi, natafuta kitu chochote ambacho si cha ndege. Abiria huwa wanacheka wakisikia kengele ya moshi ya chooni ikitajwa kwenye tangazo. Tarehe 2 Juni 1983 moto ulizuka kwenye choo cha nyuma cha ndege ya Air Canada iliyokuwa ikitoka Dallas kwenda Toronto. Wahudumu waliwahamishia abiria viti vya mbele na kuwagawia taulo zilizoloweshwa maji wapumulie. Ndege ilitua Cincinnati, milango ikafunguliwa, na ndani ya dakika moja na nusu hivi kabini yote ikalipuka kwa moto. Kati ya watu 46, walikufa 23. Kengele unayoichekea ilikuja baada ya hapo. Nawauliza wenye chuo cha pale Mwenge: somo la taulo la maji liko wiki ya ngapi?

Milango ikishafungwa tunaibadilisha hali yake. Kuanzia dakika hiyo mlango ukifunguliwa kwa ndani, slaidi inafumuka yenyewe na kujaa hewa kwa sekunde chache. Nikimaliza wangu, mwenzangu wa upande wa pili anakuja kuutazama, nami naenda kuutazama wake. Hatuaminiani, na ndivyo tulivyofundishwa. Halafu nakaa kwenye kiti cha kukunja, mikono chini ya mapaja, viganja juu, mgongo umenyooka. Abiria anayenitazama hudhani nasikia baridi au nasali. Narudia kichwani: mkono wa mlango wangu unakwenda juu au pembeni, nje kuna lami au maji, yule kijana wa safu ya kwanza ana mabega ya kusaidia, yule mama ana watoto wawili na mikono miwili tu. Hufanyika kila tunaporuka na kila tunapotua. Tunafundishwa kuziogopa dakika tatu za mwanzo na nane za mwisho.

Na ni katika dakika hizo nane ndipo wakubwa zetu wanapokasirika.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba kiti kisimame na pazia la dirisha lifunguliwe."

"Marahaba. Binti, mimi nimepanda ndege kabla hujazaliwa."

"Najua, mzee. Naomba kiti kisimame."

Hapo anakisimamisha kidogo, na nikigeuka anakilaza tena. Mzee huyu si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza sababu, na sisi tunapewa sekunde tano za kuomba bila kueleza. Kiti kikilala, aliye nyuma hana pa kuinamia wala pa kupita. Pazia likifungwa, sioni kama upande wako unaungua kabla sijawaambia watu mia waelekee huko. Taa zinapunguzwa usiku ili macho yako yazoee giza la nje mapema. Yote haya yangesemeka kwa sentensi tatu za Kiswahili cha kawaida kwenye karatasi ile ya mfuko wa kiti. Badala yake mfukoni tunamwekea jarida lenye tangazo la manukato.

Huenda utasema: ajali zenyewe ni chache, na ikitokea, wamekwisha wote. Uongo huu wa "wamekwisha wote" ndio unaonikera kuliko tangazo la Mwenge, kwa sababu unasemwa na watu wenye akili zao. Ndege ya zaidi ya viti 44 haipewi cheti mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, gizani, kwa nusu ya milango tu. Kipimo hicho kisingekuwapo kama watu huwa hawabaki hai ndege ikishaanguka. Tarehe 2 Januari 2024 Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye njia ya kurukia ya Haneda, Tokyo. Kwenye ile ndogo walikufa watano kati ya sita. Kwenye ile kubwa kulikuwa na watu 379, tisa wakiwa wahudumu wa kabini. Mfumo wa matangazo ulikufa. Milango ilikuwa minane. Wahudumu walitazama nje, wakaona moto, wakafungua mitatu tu. Walipaza sauti na vipaza sauti vya mkononi. Wote 379 walitoka, na ndege ikateketea mpaka ikabaki majivu yenye umbo la ndege.

Katika video za Haneda abiria wanateremka slaidi na karibu wote mikono yao ni mitupu. Linganisheni na video ya Agosti 2016, ile 777 iliyotua vibaya Dubai. Watu 300, moshi umeshaingia, na abiria wanafungua makabati ya juu wanavuta masanduku, huku mhudumu akipiga kelele waache kila kitu na waruke. Wote 300 walipona. Zimamoto mmoja aliyekuja kuwaokoa alikufa. Sikuwa kwenye ndege ile wala shirika lile, lakini sauti ya yule mhudumu naijua, ni sauti tunayofundishwa, na inapotoka kinywani mwa mtu uliyemzoea akisema "karibu, kuku au samaki?" huamini kama ni yeye. Hapo ndipo tabasamu la tangazo linapotudhuru kweli. Miaka yote tunakuzoesha kwamba mimi ni mtu wa kuombwa na kuamrishwa, halafu siku moja nakuamrisha mimi, una sekunde 90 za kubadili mawazo, na wewe unatumia kumi ukitafuta kompyuta yako.

Nije nyumbani zaidi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian ilitoka Addis Ababa ikielekea Nairobi. Vijana watatu waliiteka, wakataka ipelekwe Australia, na rubani akawaeleza kwamba mafuta hayafiki. Hawakusikia. Mafuta yaliisha juu ya Bahari ya Hindi, ikaanguka karibu na ufuko wa Ngazija, mbele ya hoteli, watalii na wavuvi wakiona. Kulikuwa na watu 175, walikufa 125. Wengi walinusurika na kishindo chenyewe. Kilichowaua baadhi yao ni jaketi la uokoaji. Walilijaza hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawainua mpaka darini, na mlango ukabaki chini yao, majini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia.

Kwenye tangazo la usalama kuna sentensi moja inayohusu jambo hilo. Nimeisikia kwenye ndege za hapa kwetu katika Kiswahili hiki, au kinachofanana nacho: "Tafadhali kumbukeni kutolijaza upepo vazi lenu la kuokolea maisha hadi pale mtakapokuwa mmekwisha kuondoka chomboni." Inasomwa mbio, baada ya Kiingereza, na msomaji akipumua mara moja tu katikati. Nimewahi kumuuliza mama mmoja aliyekuwa akienda Mwanza kwa mara ya kwanza, baada ya tangazo kuisha, ameelewa nini. Akasema, "Wamesema tusiondoke chomboni." Hakuwa mjinga. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, anajua ziwa na anajua boya. Angeambiwa "Boya usilijaze ukiwa ndani, lijaze ukishatoka mlangoni, ukilijaza ndani litakunasa darini" angeelewa kwa mara moja na angewafundisha wajukuu.

Tunaruka juu ya maji, jamani. Dar kwenda Unguja ni maji. Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu, Entebbe, vyote viko ukingoni mwa ziwa moja. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikufa 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokoka, wengi wao mikononi mwa wavuvi waliofika kwa mitumbwi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nchi ilizungumza sana baada ya pale: kuhusu boti za uokoaji, kuhusu kamba, kuhusu kijana Majaliwa Jackson aliyefika na kasia lake na baadaye akapewa kazi Zimamoto. Yalistahili kuzungumzwa. Nilikaa nikisubiri mtu aulize kwenye redio: je, abiria wetu wa kawaida anajua mlango wa ndege unafunguliwaje kwa ndani? Sikulisikia swali hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wenyewe wa fani tunalikwepa, nalo ni adabu. Tarehe 10 Machi 1989, Dryden, Kanada, ndege ndogo ya jeti ilijaribu kuruka ikiwa na theluji kwenye mabawa, ikaanguka, watu 24 kati ya 69 wakafa. Mhudumu aliyenusurika alieleza mbele ya tume ya jaji kwamba theluji aliiona. Hakuwaambia marubani, kwa sababu mazoea ya kazi yalikuwa yamemfundisha kwamba marubani hawapokei habari za ndege kutoka kwa mtu wa kabini. Miezi miwili kabla yake, Kegworth, Uingereza, rubani alitangaza kwamba injini ya kulia ina matatizo na ameizima. Abiria walikuwa wameona cheche upande wa kushoto. Wahudumu watatu pia walikuwa wameona. Hakuna aliyebisha hodi mlango wa mbele. Walikufa 47.

Hao ni Wazungu, wanaoitana kwa majina ya kwanza. Hebu tulete jambo hilo huku kwetu, ambako kapteni ni mzee wa miaka hamsini na tano na mimi ni binti wa ishirini na mbili niliyemwamkia shikamoo asubuhi. Kozi ya sasa inanifundisha kwamba ni wajibu wangu kumwambia nilichokiona, hata kama ataniona mjinga. Kozi hudumu siku chache, shikamoo nimeianza nikiwa na miaka miwili. Halafu mwajiri huyohuyo anayenituma kozini ananipima kwenye tathmini ya mwaka kwa unyenyekevu, rangi ya midomo na idadi ya barua za pongezi. Hakuna abiria anayeandika barua ya pongezi kwa sababu nilimwambia rubani kuna kitu bawani.

Tuje kwenye pesa, maana pesa ndiyo husema mwenye kazi anaithamini vipi. Mashirika mengi hutulipa kwa saa za safari, na saa huanza kuhesabiwa ndege inaposogea. Ule ukaguzi wote niliousimulia, na ile nusu saa ya kuwaingiza watu ndani, ambapo ndipo namtambua mlevi, mgonjwa anayeficha ugonjwa, mtoto asiye na mtu wake na begi linalonuka petroli, hufanywa bure au kwa posho ya jumla. Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na kulipwa kwa kazi ya ardhini kulikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Serikali iliwaamuru warudi kazini ndani ya saa chache. Wakakataa, na baada ya siku tatu hivi makubaliano yakapatikana. Marekani, Delta ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa kupakia abiria, tena kwa nusu ya kiwango. Huku kwetu ukiuliza unaambiwa kuna wasichana mia mbili nje wanaitaka nafasi yako. Ni kweli wapo. Wametoka Mwenge.

Najua jibu la mameneja, nimelisikia vikaoni: abiria haoni usalama, anaona huduma, na huduma ndiyo inalipa mishahara. Sipingi kwamba inalipa. Wala sichukii toroli la chai. Toroli ndilo doria yangu. Nikipita nalo safu kwa safu nanusa, nasikiliza, namwona anayetokwa jasho kwenye baridi, namhesabia bwana wa 22C glasi zake. Anayefanya kazi hii vizuri hugawa chai huku akilinda, na abiria asijue. Ubaya unaanza pale mwajiri naye anaposahau kwamba kuna kulinda. Kule Ghuba usaili wa kwanza walitupima kama mkono unafika sentimeta 212 ukisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Wasichana wengi walidhani wanatafutwa warefu kwa ajili ya urembo. Vifaa vya dharura vingine vimewekwa huko juu.

Mwaka jana nilikaa jioni tatu nikaliandika upya tangazo la usalama kwa Kiswahili cha sokoni, dakika moja na sekunde arobaini, nikalisoma kwa mama mkwe wangu na kwa mafundi watatu wa pikipiki mpaka wote wakaweza kunirudishia bila kukosea boya. Nikalituma kwa shirika moja la hapa nchini. Majibu yalikuja kwa adabu baada ya wiki sita. Maandishi yaliyopo yameshaidhinishwa, walisema, na kuyabadilisha ni mchakato. Aya ya mwisho iliuliza kama nina nafasi mwezi unaofuata, kwani wanatafuta mtu mwenye uzoefu wa kimataifa wa kuwafundisha wasichana wapya namna ya kufunga skafu.